Samaki Wana Masikio



Juma lililopita mvuvi mmoja alifika ofisini kwangu kuandikisha ubatizo wa mtoto wake. Tulipomaliza, akalalamika kwamba perege hawaonekani tena penye matete walipozoea kuzaliana. Nikamwuliza, "Je, mashua zenu za injini mnazipitisha wapi?" Akacheka sana. "Karani, kwani samaki ana masikio?"

Nikamjibu, "Wazee walipopiga maji kwa fimbo ili samaki wakimbilie nyavuni, walikuwa wakimpigia nani?" Akanyamaza.

Ndugu msomaji, samaki ana masikio, ila yamefichwa ndani ya kichwa. Mna vijiwe vidogo vinavyotikisika sauti ipitapo. Na lile bondo la hewa ulionalo ukimpasua sangara, kwa samaki wengi husaidia kusikia. Kambare amezidi: ana vijifupa vinavyopeleka mtikisiko kutoka bondo hata sikioni. Tena sauti hukimbia majini kuliko hewani: hewani yapata mita 340 kwa sekunde, majini karibu mita 1,500.

Mwaka 1923 mtaalamu Karl von Frisch alieleza habari za samaki kipofu, wa jamaa ya kambare, aliyezoezwa kulishwa kila apigiwapo mluzi. Baada ya siku kadhaa, akisikia mluzi tu alitoka mafichoni mwake, hata kama chakula hakijatiwa majini.

Basi, kelele ya injini humfanyaje? Wako samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika waishio kama ukoo: baba, mama, na wasaidizi wao. Pamoja huchimba mchanga chini ya mawe wapate maficho, na kulinda mayai. Mwaka 2013 wataalamu Rick Bruintjes na Andrew Radford wa Uingereza walitangaza waliyoyaona walipowasikilizisha samaki hao, ndani ya matangi, sauti ya mashua ikipita. Samaki walipunguza kuchimba. Wakalegea kuwafukuza adui wanaokula mayai na vifaranga. Tena wadogo wakazidi kushambuliwa na wakubwa wao. Kelele haina meno wala ndoano, lakini nyumba ilivurugika.

Kweli, tangi si ziwa. Wala sisemi kelele peke yake ndiyo iliyowaondoa perege wa yule bwana. Nyavu za macho madogo zina hatia yake, nasi twazijua. Lakini mzazi asiyelinda mayai, vifaranga vyake vitaliwa. Na vifaranga vikiliwa leo, mwakani watoto wetu watakula ugali na mboga gani?

Kwa hiyo nawashauri hivi. Ukikaribia matete na miamba wanakozaliana samaki, zima injini, shika kasia au pondo. Usiiache injini ikinguruma bure ukingoni huku ukizungumza na wenzako. Na watoto wasifanye ubavu wa mtumbwi kuwa ngoma. Hayo hayahitaji fedha. Kinyume chake, petroli itabaki.

Yule mvuvi alipoondoka alisema, "Karani, nitajaribu msimu huu." Nami nawaomba ninyi nyote mnaokaa kando ya maji mjaribu pamoja naye.

Ni mimi, Karani wenu.