Cuba ilipenda ngoma, ikamkataa mpiga ngoma

Msee, ukipanda matatu Ijumaa jioni na dereva aweke rumba ya Kongo, najua utasema: hiyo ni ya wazee. Sawa. Lakini hiyo rumba ilivuka bahari mara mbili kabla ikufikie, na stori yake inatuhusu.

Zaidi ya Waafrika 700,000 walipelekwa Cuba utumwani, wengi wao kukata miwa. Walinyang'anywa majina, wakanyang'anywa lugha, lakini ngoma na imani walibaki nazo. Wayoruba waliwaficha miungu wao nyuma ya watakatifu wa Kikatoliki: Changó, mwenye radi, akaombwa kwa jina la Santa Bárbara. Wakongo nao wana dini ya Palo Monte, ambayo chungu chake kitakatifu kinaitwa nganga. Unasikia hilo neno? Ni ndugu wa mganga wetu.

Sasa sikiza penye uchungu. Vita vya kumtoa Mhispania vilipoanza 1868, watu weusi walijaa jeshini. Jenerali Antonio Maceo, mtoto wa familia nyeusi, alipigana mpaka akauawa 1896. Utumwa wenyewe ulikwisha 1886. Ukiangalia vizuri, waliomwaga damu kwa ajili ya Cuba ni pamoja na waliokuwa mali ya watu Cuba.

Uhuru ulipokuja 1902, wakaambiwa sisi sote ni Wacuba, mambo ya rangi yaishe. Maveterani weusi walipoona kazi na vyeo vinawapita, wakaunda chama chao 1908. Serikali ikakipiga marufuku. Walipoandamana na silaha 1912, jeshi likaua maelfu. Miaka hiyohiyo polisi walikuwa wakinyang'anya watu ngoma zao, ati ni ushenzi.

Hata msomi Fernando Ortiz, kwenye kitabu chake cha 1906, aliziandika dini hizo kama mambo ya wahalifu. Baadaye alibadilika kabisa. Akazitetea ngoma za batá, na akasema Cuba ni kama ajiaco, mchuzi wa vitu vingi ambao hauachi kuiva. Leo rumba ya Cuba iko kwenye orodha ya urithi wa UNESCO tangu 2016.

Poa, lakini mimi nina swali. Ngoma ilipokubaliwa, mpigaji alikubaliwa? Baada ya mapinduzi ya 1959 serikali ilifungulia watu weusi fuo na vilabu walivyozuiwa kuingia, na hilo ni jambo kubwa. Halafu ikatangaza ubaguzi umekwisha. Ukitangaza ugonjwa umepona, nani atathubutu kusema bado anaumwa?

Hiyo ndiyo hoja yangu: kusherehekea utamaduni wa mtu ni rahisi kuliko kumpa nafasi yake.

Na usicheke Cuba. Santuri zao zilifika Kongo kuanzia miaka ya 1930, Wakongo wakatambua mapigo yao wenyewe, wakaiunda rumba inayokuchezesha kwenye matatu. Muziki ulirudi nyumbani. Je, sisi tumejifunza?

Nyanya yangu ni Mwisukha. Nikiwa mdogo nilikuwa naona aibu isukuti ikipigwa mbele ya marafiki zangu wa mtaani. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Nikajivunia, nikapost. Nyanya akaniuliza tu, "Na wale wapigaji, nani atawalipa?" Sikuwa na jibu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo usinichukulie kama profesa. Lakini sikukuu ijayo, wachezaji wa kienyeji wakiitwa kuburudisha wakubwa juani, usirekodi video pekee. Uliza wamelipwa ngapi, na watarudi nyumbani na nini.