Stara na Pumzi



Juma hili safu yetu inasafiri mbali kidogo. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa na kuhamia jimbo la Ohio nchini Marekani, ametuletea barua inayohitaji jawabu la haraka, kwani shemeji yetu ameshashika msumeno. Wana watoto wawili, na kila likizo ya shule hupenda kutoka mjini kwenda kwenye misitu na maziwa. Hoteli ni ghali. Trela za kulala zilizo tayari huuzwa mara nyingi kwa mkopo wa miaka mingi, na mkopo huo una riba, nao wameazimia kutoigusa. Basi walidunduliza, wakanunua kwa fedha taslimu trela ndogo ya kubebea mizigo, ile iliyofunikwa pande zote kama sanduku, wapate kuigeuza chumba cha safari kwa mikono yao.

Neno lililowatenganisha ni dirisha. Trela haina hata moja. Mume ataka kutoboa paa na kuta, mke hataki. Anatuandikia kwamba katika viwanja vya kambi watu hupita hatua mbili kutoka mlangoni, na kwamba ndani ya sanduku hili anaweza kuvua mtandio, kubadili nguo na kulala bila ya jicho la mtu. "Kwa nini tuitoboe stara tuliyokwisha kuipata?" anauliza. "Naomba mniunge mkono."

Dada yetu, haja yako ni ya haki, na mwenye kuidharau hakuielewa. Lakini katika hili la kutoboa, mumeo amesema kweli. Tuvumilie tukueleze sababu, kisha tutakuonyesha namna ya kuipata haja yako bila ya kuihatarisha roho ya mtu.

Kitazameni kwanza kitu chenyewe. Trela ya namna hii, yenye upana wa futi 6 na urefu wa futi 12, ina fremu ya chuma, sakafu na kuta za plaiwudi, na ngozi ya alumini kwa nje. Ilijengwa izuie mvua na mwizi. Mizigo haipumui, watu wanne hupumua usiku kucha. Dari ikiwa futi 6, ndani mna futi 432 tu za ujazo, na kitanda na kabati vikishaingia, hewa hupungua zaidi. Shemeji yetu anapanga kubandika bodi za povu katikati ya nguzo za chuma ili kukinga joto na baridi. Vyema, lakini kila ufa anaouziba kwa ajili ya baridi ni njia moja ya hewa aliyoifunga.

Pumzi ya mtu ina unyevu. Usiku wa baridi unyevu huo hukutana na chuma na alumini, ukageuka matone, kama yale tuyaonayo juu ya gilasi ya maji ya barafu. Matone hayo hupenya nyuma ya plaiwudi, na baada ya miezi huja kuvu, harufu na mbao zilizooza. Watoto ndio huanza kukohoa.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kuzaliwa kwa trela. Nyumba ya mawe ya Lamu huupa uchochoro ukuta mzito. Mgeni huketi dakani, na mlango hata ukifunguliwa, njia ya kuingilia hupinda ili jicho lisifike ndani. Je, waliomo walikosa hewa? La hasha. Katikati ya nyumba waliacha kiwanda, uwanja ulio wazi juu, na vyumba vikapata mwanga na upepo kutoka huko. Stara ilikaa upande wa njia, na pumzi upande wa mbingu. Hawakuona haja ya kuchagua mojawapo.

Basi trela yenu nayo ipewe kiwanda chake. Katika paa lake litobolewe tundu la mraba la inchi 14, ambalo ndilo kipimo cha kawaida cha feni za paa zenye kifuniko. Hakuna mpita njia awezaye kuchungulia kupitia darini. Feni hiyo itatoa hewa iliyochoka, lakini haiwezi kutoa isichopewa: chini ya ukuta wa upande wa pili patobolewe tundu dogo lenye vibao vya kulaza na wavu wa kuzuia wadudu, liingize hewa mpya. Ukutani wekeni dirisha moja jembamba, juu, chini kidogo ya dari, ambako kichwa cha apitaye hakifiki. La pili liwe pana kiasi cha mtu mzima kupenya, kwani moto ukizuka karibu na mlango, hilo ndilo mlango wenu. Hili la pili litundikieni pazia zito. Msitegemee karatasi ya giza ya kubandika kiooni: hiyo hukinga mchana tu, usiku, taa ikiwaka ndani, aliye nje ndiye aonaye. Na kabla ya kukata, shemeji yetu azitafute nguzo za chuma zilizomo ukutani, asije akakata mfupa unaobeba paa.

Mlango wenyewe mwautazama? Trela nyingi za mizigo hufungwa kwa komeo la nje, kwa sababu mzigo hauna haja ya kutoka wenyewe. Mtu mwovu, au mtoto achezaye, akilisukuma komeo hilo, mliomo ndani mmefungiwa. Liondoeni, mkaweke kitasa kifungukacho kutoka ndani hata gizani, na watoto wafundishwe kukifungua.

Sasa tufike kwenye jambo lililotutia hofu zaidi. Umeandika, dada yetu, kwamba baridi ikizidi mtaingiza jiko dogo la gesi kwa muda tu. Tunakuomba kwa jina la Mola wako, usifanye. Gesi na makaa viwakapo mahali pafinyu hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo rangi, harufu wala muwasho. Aliyelala haamki kwa sababu yake, huzidi kulala. Jiko la kupikia si la kuotea moto. Tumieni hita ambayo huvuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi wake nje kwa bomba, na juu ya hayo tundikeni king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na mnapolala. Mtungi wa gesi ukae nje, juu ya fremu ya mbele, na mapishi yafanywe nje chini ya turubai. Wala msitumaini kwamba betri itaendesha hita ya umeme: betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 100 za saa hubeba wati 1,200 za saa, na hita ya wati 1,500 itaimaliza kabla ya saa moja kutimia. Betri hiyo itawatosha kwa taa, simu na feni.

Nasi tulio hapa Pwani tusisome haya kama habari za ugenini. Ni nyumba ngapi ambazo mvua ikinyesha jiko la makaa huingizwa chumbani, au huwekwa karibu na mzazi na mtoto wake mchanga wapate joto, na mlango ukafungwa kwa ajili ya stara? Sumu ni ile ile. Makaa yaliyofunikwa majivu na kuonekana yamekufa bado yanatoa.

Limebaki la uzito. Trela nyingi za ekseli moja zimewekewa kikomo cha ratili 2,990, yaani takriban kilo 1,350, pamoja na uzito wake yenyewe. Kila ubao na kila godoro huhesabiwa, na lita 1 ya maji ni kilo 1, basi tangi la lita 80 ni sawa na mtu mzima aliyeongezeka. Mkimaliza, ipelekeni kwenye mizani. Sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wote zilalie kiungo cha gari. Mizigo ikirundikwa nyuma, trela hupiga mkia barabarani na huweza kuliburuta gari lote. Na gari likitembea, asikae mtu ndani ya trela, hata mtoto aliyelala.

Mwisho, dada yetu, tunawapa mtihani mmoja. Usiku wa kwanza msiende mbali. Laleni ndani ya trela katika ua wa nyumba yenu, nyote wanne, feni ikizunguka na mapazia yakiwa yameshushwa. Wewe toka nje na taa ikiwaka ndani, uzunguke pande zote nne ukitazama kama kuna kinachoonekana. Alfajiri, kabla ya kufungua mlango, mumeo apitishe kiganja ukutani na darini. Ukuta ukiwa mkavu nawe ukawa hukuona kitu, mmepata chumba. Ukuta ukiwa na maji, ongezeni njia ya hewa. Pazia likiwa limekusaliti, ongezeni kitambaa. Msiondoke mpaka kila mmoja wenu awe ameridhika na jawabu la mwenziwe.

Mwenyezi Mungu awape safari njema na marejeo ya salama. Wabillahi tawfiq.