Kabla ya kununua skana ya mbio, tuangalie kwanza karatasi zetu

Shangazi yangu ana miaka 67. Mwaka huu amekwenda mara tano kwenye ofisi moja ya mji wetu wa Lubumbashi kutafuta kopi ya dosie ya marehemu mume wake. Bila kopi hiyo hawezi kuomba haki yake ya mjane. Mara ya tano nilimsindikiza. Tulifika saa mbili za asubuhi, tukakuta mstari wa watu umetoka mlangoni na kufika mpaka chini ya mwembe, inje kabisa. Saa sita karani akatuita na kusema: "Mama, dosie za miaka ile ziko katika chumba cha nyuma. Anayejua kuzitafuta ni mtu mmoja, na leo hakuja. Urudi siku ya pili."

Nyuma ya karani, juu ya meza ya pembeni, kulikuwa mashini ndogo iliyofunikwa na kipande cha kitenge. Nikamuuliza ni kitu gani. Akacheka kidogo: "Ni skana. Inapitisha karatasi 60 kwa dakika moja. Lakini sasa inapitisha vumbi tu."

Nilirudi peke yangu siku nyingine ili anieleze. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Wakubwa walitaka kupunguza mstari, wakanunua mashini yenye mbio kuliko zote zilizokuwa dukani. Hakuna aliyeuliza makarani ni karatasi za namna gani zitaingia ndani. Sehemu kubwa ya kazi ya ofisi ile ni rejista, yaani vitabu vikubwa vilivyoshonwa, na kitabu hakiwezi kupita katika mashini inayovuta karatasi moja moja. Dosie za zamani nazo ni kopi za kaboni kwenye karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu. Mashini ilizivuta na kuzipasua. Mwishoni rola za mpira zilichakaa, na katika mji wote hawakupata mtu wa kuwauzia nyingine.

Maoni yangu ni haya: katika ofisi zetu, mbio ya skana inapashwa kuwa swali la mwisho, si la kwanza. Na mtu wa kwanza kuulizwa ni karani, si mkubwa wake wala muuzaji.

Tupige hesabu kidogo. Chukua ofisi inayopokea dosie 100 kwa siku, kila dosie ikiwa na karatasi 12. Hizo ni karatasi 1,200. Skana ya karatasi 30 kwa dakika itazimaliza kwa dakika 40. Skana ya karatasi 70 kwa dakika itazimaliza kwa dakika 17 hivi. Tofauti ni dakika 23 kwa siku nzima. Sasa ongeza kazi ya mikono: kutoa agrafe, kunyoosha pembe zilizokunjika, kutenga picha, kisha kuandika jina la dosie katika ordinatere. Hata kama karani anatumia dakika mbili tu kwa kila dosie, hizo ni dakika 200, zaidi ya saa tatu. Mtu wa pili wa kutayarisha karatasi atapunguza mstari kuliko mashini iliyo na mbio mara mbili. Lakini mtu wa pili haonekani vizuri kwenye picha siku ya kupokea vifaa.

Tena namba ya mbio iliyoandikwa kwenye katoni inataka kusomwa kwa akili. Wauzaji wengine wanahesabu karatasi, wengine wanahesabu sura za karatasi. Mashini inayosoma mbele na nyuma kwa mara moja, ikipitisha karatasi 60, inatoa sura 120. Muuzaji atakwambia "120", nawe utafikiri ni karatasi. Isitoshe, mbio hiyo imepimwa kwa kiasi fulani cha udogo wa nukta, mara nyingi nukta 200 au 300 kwa inchi. Ukiongeza mpaka 600, mashini nyingi zinapunguza mwendo. Kwa maandishi ya kawaida 300 inatosha, hata kama unataka ordinatere isome maneno ili uweze kutafuta jina la mtu. Kuomba 600 kwa kila barua ni kujaza diski na kuchelewesha kazi bure.

Kusoma mbele na nyuma kwa mara moja ndicho kitu ambacho singeacha kamwe. Katika inchi yetu, nguvu ya karatasi mara nyingi iko nyuma: muhuri, sahihi, neno la mkubwa lililoandikwa kwa kalamu. Skana inayosoma upande mmoja itakupa dosie safi isiyokuwa na thamani yoyote. Vilevile rangi. Muhuri wa buluu ukigeuka mweusi, atakayeiona kesho atauliza kama hiyo ni kopi ya kopi. Na mkumbuke kuzima ile kazi ya kufuta kurasa tupu yenyewe, kwa sababu muhuri uliofifia unaweza kuhesabiwa kuwa ukurasa mtupu, nao ukapotea bila mtu kujua.

Kuna pia suala la karatasi mbili kupita pamoja. Skana nzuri za ofisi zina kifaa kinachotumia mawimbi ya sauti kutambua kwamba karatasi mbili zimeshikana, kisha mashini inasimama. Pasipo kifaa hicho, ukurasa wa saba unajificha chini ya wa sita, na siku mjane anapohitaji ukurasa wa saba, haumo. Lakini dosie zetu zina picha za pasipoti zilizobandikwa kwa gundi, na kifaa hicho kinaziona kama karatasi mbili. Kwa hiyo uliza kama mashini inaruhusu kuambiwa: fasi hii kuna picha, endelea. Jambo dogo kama hilo linaamua kama karani ataipenda mashini au ataifunika kitenge.

Nitoe mfano wa mashini ambayo habari zake ziko wazi. Ricoh fi-8170, ambayo watu wengi bado wanaiita Fujitsu kwa sababu Ricoh ilichukua sehemu kubwa ya kampuni ya PFU mwaka wa 2022, inapitisha karatasi 70 kwa dakika, sinia yake inabeba karatasi 100, na watengenezaji wanasema inaweza kuvumilia karatasi 10,000 kwa siku. Ni mashini ya ofisi yenye kazi nyingi. Upande mwingine kuna ScanSnap iX1600, ya karatasi 40 kwa dakika, yenye kioo cha kugusa na sura nzuri. Ni nzuri kwa avoka mmoja au kwa daktari mwenye kabine yake. Lakini haifuati TWAIN, ile kanuni ambayo programu nyingi za kutunza dosie zinatumia kuzungumza na skana. Ofisi iliyokwisha kulipia programu kama hiyo inaweza kununua mashini hiyo kisha ikagundua kwamba viwili hivyo havisikilizani. Sisemi nunueni hii, acheni ile. Nasema namba ya mbio peke yake haikuonyesha tofauti hiyo.

Kwa rejista, jibu ni tofauti kabisa. Zinahitaji skana ya juu, yenye kamera inayotazama kitabu kikiwa kimefunguliwa mezani, ama skana ya kioo yenye ukubwa wa A3. Zote mbili ni za polepole, kwa sababu mkono wa mtu ndio unaogeuza kurasa. Lakini ndani ya vitabu hivyo ndimo raia wetu walimoandikwa. Sheria ya jamaa inawapa wazazi siku 90 kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Baba aliyetii sheria hiyo miaka 30 iliyopita, mtoto wake leo anategemea mstari mmoja katika kitabu kimoja ambacho panya, mvua na moto wanakijua kuliko sisi. Wakaaji wa Goma wanakumbuka Januari 2002, wakati moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya mji. Wakaaji wa Kinshasa wanakumbuka uporaji wa 1991 na 1993. Karatasi isiyo na kopi inaweza kwenda kwa siku moja.

Halafu kuna Lubumbashi yenyewe. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu linaingia kila fasi. Punje moja ikikaa juu ya kioo cha ndani cha skana, kila ukurasa unaotoka una mstari uliosimama toka juu mpaka chini, na mstari huo ukipita juu ya jina la mtu, umelifuta. Karani anapashwa kufundishwa kufungua mashini na kupangusa kioo kila asubuhi kwa kitambaa laini. Ni kazi ya dakika mbili. Na umeme: skana ya mezani haili moto mwingi, lakini inaogopa moto unaopanda na kushuka. Onduleri ndogo kwa skana na ordinatere iwe katika faktire ileile. Mwenye kusema tutainunua baadaye hataiununua.

Rola ni vilevile. Zile za mpira zinachakaa kama vile tairi za taksi zinavyochakaa, baada ya karatasi elfu nyingi zilizoandikwa katika kitabu cha mashini. Ofisi inayonunua skana bila rola za akiba imenunua nusu ya skana. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali matatu: rola ziko hapa mjini, au ni za kungojea? Nani atatengeneza, na yuko wapi? Naweza kuijaribu kwa karatasi zangu? Kisha mlete karatasi mbaya kuliko zote mlizo nazo: kopi nyepesi ya zamani, risiti ndogo, karatasi iliyokunjwa mara nne, ukurasa wenye picha. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Najua mtasema: mwandishi huyu anazungumza juu ya mashini wakati makarani wenyewe wanalipwa kidogo, tena kwa kuchelewa. Ni kweli, na siyakwepi. Lakini kuna jambo lingine ambalo kila mkaaji analijua na hatupendi kuliandika. Dosie isiyopatikana ni mali ya mtu. Yule mmoja anayejua sanduku liko wapi anapokea matabishi ili akumbuke haraka. Siku dosie itakapopatikana kwa kuandika jina katika ordinatere, matabishi hayo yatapungua. Kwa hiyo usishangae ukiona skana imeharibika juma la pili na hakuna mtu mwenye haraka ya kuitengeneza. Mkubwa wa ofisi anayetaka mashini ifanye kazi apange pia nani anaiangalia, dosie ngapi zimeingia kwa siku, na karani anayefanya kazi hiyo vizuri anapata nini kwa njia iliyo wazi.

Sheria haiwezi tena kuwa kisingizio. Kodi ya dijitali, yaani ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inatambua maandishi ya kielektroniki kuwa ushahidi kama yale ya karatasi, mradi mwenye kuyatoa ajulikane na yawe yametunzwa bila kugeuzwa. Neno "kutunzwa" lina uzito. Faili zinazokaa katika ordinatere moja ya mkubwa hazikutunzwa. Ziwekwe nakala mbili, moja nyumba nyingine, katika muundo wa PDF/A uliotengenezwa kwa ajili ya kutunza miaka mingi. Na karatasi za asili zisitupwe. Skana haikuja kuchoma masanduku. Imekuja ili yasifunguliwe kila siku.

Na kwa soko za serikali, tunayo sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Inataka mahitaji yaelezwe kabla ya kununua. Kueleza mahitaji si kuandika "skana ya kisasa, yenye mbio" kwenye karatasi moja. Ni kuhesabu: rejista ngapi, dosie ngapi kwa siku, karatasi za namna gani, nani ataketi mbele ya mashini. Kazi hiyo inamalizika kwa juma moja, kwa kalamu na daftari, na haihitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Inahitaji kumuuliza karani anayekaa dirishani.

Shangazi alirudi siku ya pili kama alivyoambiwa. Mtafutaji alikuwa amekuja. Alikaa saa mbili katika chumba cha nyuma, akatoka na mikono myeusi ya vumbi, akasema sanduku la mwaka ule halionekani, lakini asikate tamaa. Shangazi ameandika tarehe nyingine nyuma ya bahasha. Itakuwa mara ya saba.