Kidogo si Salama

Katika kamusi za zamani za Kiswahili, 'kiasi' halikuwa neno la vipimo tu. Kiasi cha bunduki kilikuwa ni risasi kamili: ganda, baruti na kichwa chake. Mimi, kama mwanaisimu, naliona jina hilo kuwa la busara, kwani risasi si chochote ila kipimo. Lakini leo neno hilohilo tumelidhoofisha. Tukisema 'weka kiasi', aghalabu twamaanisha 'weka kidogo', na kidogo kwetu kimekuwa sawa na salama. Nadai kwamba usawa huo ni wa uongo, na kwamba walimu ndio wenye uwezo wa kuuvunja.

Tuanze na baruti yenyewe. Katika nchi ambazo sheria inaruhusu, wako walenga shabaha wanaojishindilia risasi wenyewe. Mwenye bunduki kubwa huchoshwa na teke lake begani, akaona dawa ni kupunguza baruti. Hoja yaonekana safi: baruti nusu, nguvu nusu, hatari nusu. La hasha! Ganda lile ni pana. Baruti ikiwa haba hulala ubavuni, na moto wa fataki huweza kuipitia juu bila kuiwasha sawasawa. Kichwa cha risasi chaweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi ya pili ikifyatuliwa nyuma yake, mtutu hupasuka mikononi mwa mwenyewe. Kwa baadhi ya baruti zinazoungua polepole, zimeripotiwa hata ajali ambapo shinikizo lilipanda badala ya kushuka. Ndiyo sababu miongozo ya fani hiyo huweka mipaka miwili: usizidishe hapa, usipunguze pale.

Msomaji wa Likoni atauliza: yatuhusu nini hayo? Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Ni kweli. Ila kanuni hii haikai ndani ya bunduki pekee. Na tuvuke hadi Changamwe, ambako kiwanda kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, lakini biashara ya mafuta ingaliko. Fundi wa kuchomelea vyuma hulihofu pipa lililojaa petroli, akalikata kwa moto lile analoliita tupu. Yote mawili si ya kuchezewa moto. Hata hivyo, ndani ya lile 'tupu' mabaki machache yamegeuka mvuke, mvuke umechanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ndio unaolipuka. Vivyo hivyo, mgonjwa wa Kisauni anayemeza nusu ya dawa za malaria kwa kuogopa ukali wake huviacha vimelea hai mwilini, na homa humrudia.

Yamkini mtu atasema kwamba ninailaumu lugha kwa makosa ya watu. Sivyo. Kiswahili kilijua mipaka miwili tangu kale. Pishi ilikuwa vibaba vinne, wala si vitatu na nusu. Muuza nafaka aliyepunja kibaba hakuitwa mwangalifu, aliitwa mwizi. Tulichopoteza si maneno, bali ukali wa kuyatumia.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu jambo moja. Mwanafunzi akisema maabarani 'nimetia kidogo', asiachiliwe hivihivi. Aulizwe: kidogo kiasi gani? Pungufu ya kipimo kilichoandikwa, au sawa nacho? Wanafunzi nao wafanyie mazoezi kuandika maonyo ya mapipa, chupa na dawa kwa Kiswahili sanifu, yakitaja kiwango cha juu na cha chini. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hapana sababu onyo la kuokoa uhai liendelee kuandikwa kwa Kiingereza pekee, ilhali anayelihitaji ameshika moto mkononi.