Kamanda, Usitie Sahihi Usichokisoma

Leo sina ugomvi na serikali. Leo nina ugomvi na sisi wenyewe.

Juzi tuliomba vijana wa kata tatu, Karatu na Ngorongoro, watuletee taarifa za mikutano ya vijiji. Nani alikuwepo, nani alisema nini, shule ipi haina choo, zahanati ipi haina dawa. Zikaja tatu, safi, hazina kosa hata la herufi. Zote zimeanza na sentensi moja: "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi..." Hakuna jina la kitongoji hata moja. Hakuna idadi ya watu. Moja imetaja kifungu cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Nikakifungua, kinazungumzia jambo lingine kabisa. Nikampigia mwandishi wake. Akacheka: "Kaka, mkutanoni nilipita tu. Nyingine akili mnemba imenimalizia."

Imekumalizia kweli.

Tena sisi ndio tunaowacheka makada wa chama tawala kwa kusoma risala walizoandikiwa, mpaka wanakwama kwenye neno. Sasa tofauti yetu nini? Yeye kaandikiwa na ofisi, wewe umeandikiwa na simu. Wote hamjui mnachosema.

Mtasema nakuza mambo. Haya, twende Loliondo. Vijiji vinne, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vilifungua kesi Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2017. Tarehe 30 Septemba 2022 kesi ikatupwa. Sababu? Mahakama ilisema haijathibitishwa kwamba watu waliondolewa ndani ya ardhi ya vijiji na siyo ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Ushahidi, jamani! Mpaka uko wapi, boma la nani lilichomwa, siku gani, nani aliona. Novemba 2023 rufaa ikashinda, ikaagizwa kesi isikilizwe upya. Ni miaka mingapi hiyo ya watu kuhangaika? Na hakuna mashine duniani inayojua boma la mzee fulani lilisimama wapi. Anayejua ni mzee mwenyewe na mtu aliyekaa naye chini akaandika.

Agosti 2024 likatoka Tangazo la Serikali Namba 673, likafuta kata, vijiji na vitongoji vya Ngorongoro. Watu walijaa barabarani. Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo lile. Waliojaa barabarani walikuwa na shuka na fimbo, na walijua wanachokidai. Hakuna aliyeuliza simu "nidai nini leo?"

Kuna jambo la zamani zaidi. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliwekewa karatasi ya Kiingereza na serikali ya mkoloni, wakaiweka sahihi. Karatasi inasema wanaondoka Serengeti. Mwaka 1959 ikazaliwa Hifadhi ya Ngorongoro, wakaahidiwa huku ndiko kwao. Mpaka leo wajukuu zao wanalipia karatasi ile. Wale wazee hawakuwa na namna, hawakuwa na shule. Wewe una kidato cha nne, una diploma, halafu unatuma tamko lenye jina lako chini na hujalisoma mpaka mwisho. Hiyo ni sahihi ya 1958 kwa hiari yako mwenyewe.

Na mashine inajua nini kuhusu sisi? Inajua kilichoandikwa, na kuhusu huku kwetu wengi walioandika walikuwa wageni. Mgeni alisikia "Oldupai" akaandika "Olduvai", na vitabu vikabeba kosa hilo miaka mia. Ukiiuliza habari za Ngorongoro, utajibiwa faru, simba na bonde. Mama anayetembea na ndoo kutafuta maji hayumo. Kimaasai inabahatisha, Kiiraqw inabahatisha zaidi, Kihadzabe usiseme.

Kwenye kazi ni hivyo hivyo. Dogo anasoma kuongoza watalii hapa Karatu mjini, kila zoezi anafanyiwa na simu. Siku atakayokuwa na mgeni bondeni, mtandao umekata, ndege ametua mbele ya gari, atasema nini? "Subiri tutoke getini"?

Na mtandao hukatwa pia. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa siku kadhaa. Kama akili yako iko kwenye seva ya mtu, akiizima swichi umebaki bubu. Anayetaka kututawala atafurahi sana tukifika hapo.

Halafu hili la hatari, naomba lisomwe mara mbili. Kuna watu wanabandika humo majina na namba za mashahidi ili "ipangwe vizuri". Kamanda, katika nchi ambayo watu wanatekwa, unampa nani majina hayo? ACHA. Leo.

Sisemi tutupe simu. Hukumu nyingi bado ni za Kiingereza, ingawa mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Kijana asiye na wakili akitumia mashine kuelewa aya ngumu, sawa, namuunga mkono. Lakini aanze na hukumu yenyewe, na amalizie kwa mwanasheria.

Kwa hiyo kuanzia sasa, taarifa ya kata iandikwe kwa mkono kwanza, pale pale mkutanoni, kwenye daftari. Iwe na tarehe, kitongoji, idadi ya watu, na maneno ya wananchi kama walivyoyasema. Ukitaja kifungu cha sheria, uwe umekifungua kwa macho yako. Isome kwa sauti mbele ya wenzako wawili kabla hujaituma. Ikiwa na makosa ya herufi, tutarekebisha. Ikiwa haina kitongoji, itarudi.

Daftari la kaunta halizimwi na mtu. Nunua moja, twende vijijini.

Nguvu ya Umma!