Kuku Anayeatamia Si Mvivu



Mwezi uliopita tulialikwa kwenye shughuli ya ndugu yetu mmoja anayeolewa. Zawadi zilijaa mkeka: masufuria, mashuka, blenda mbili, pasi tatu. Kisha akaingia bibi yake kutoka shamba na tenga mkononi, ndani mna kuku mweusi wa kienyeji. Wasichana wakacheka. Mmoja akauliza anapikwa leo au kesho. Bibi akajibu kuwa huyu hapikwi. Huyu ni koo, ameshaangua mara tatu, na mjukuu wake ataondoka naye kwenda kwa mumewe.

Na sisi tulicheka, hatukatai. Lakini tulipokuwa njiani kurudi tukaulizana: katika zawadi zote zile, ni ipi itakayozaa?

Tuseme ukweli. Wengi wetu tukiona kuku ameanza kuatamia tunakasirika. Ameacha kutaga, amejifutua manyoya, ukimkaribia anakudonoa mkono. Basi tunamtumbukiza kwenye ndoo ya maji, au tunamfunga kamba mguuni, au tunamfunika tenga siku tatu mpaka asahau. Tumeyafanya hayo na sisi. Tulikuwa tunahesabu mayai tu, kazi yake hatukuihesabu.

Hebu tuitazame kazi hiyo. Kwa siku 21 koo anakaa juu ya mayai usiku na mchana. Anayageuza kwa mdomo mara nyingi kwa siku, ili kiumbe kilichomo ndani kisigande kwenye ganda. Anashuka kwa muda mfupi tu, anakula, anakunywa, anaoga vumbi, anarudi kabla mayai hayajapoa. Anakonda mpaka kifua kinakuwa chepesi ukimshika. Mashine ya kutotolea vifaranga inafanya kazi hiyo hiyo, lakini inataka umeme. Sisi watu wa Unguja tunalikumbuka giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika. Koo yeye hana habari na waya wa umeme.

Vifaranga wakitoka, kazi inaendelea. Usiku anawafunika kwa mbawa zake, mchana anawaita penye mchwa. Kunguru akipita juu, analia sauti moja na wote wanakimbilia chini yake. Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Kweli, lakini kujificha na kunguru anahitaji mama, na hapa kwetu kunguru tunawajua. Vifaranga wa kununua hawana wa kuwafanyia hayo. Mama yao ni taa au jiko la mkaa, na wewe ndiye wa kukesha nao.

Tunajua mtatuambia kuku chotara wanataga zaidi. Ni kweli. Kuku wa kienyeji akishataga mayai kumi na kitu anataka kulalia, chotara anaendelea kutaga. Hatumkatazi mtu kuwafuga. Lakini chotara wengi hawaatamii, na wale kuku wa mayai wa kisasa tabia hiyo wameondolewa kwa makusudi, kizazi baada ya kizazi, kwa kuchaguliwa wanaotaga bila kupumzika. Wakizeeka, unarudi kununua vifaranga. Ukiwazalisha wenyewe kwa wenyewe, watoto hawatoki wote kama wazazi wao. Kwa hiyo banda ni lako, lakini mbegu iko kwa mwingine.

Hofu yetu ni hii. Kila koo anayeatamia tukimchinja au tukimuuza kwa sababu "hatagi", tunabaki na wale wasiotaka kulalia, na hao ndio tunaozalisha. Baada ya miaka michache hakuna kuku uani anayejua kuangua. Kuchi wenye miguu mirefu, kishingo, kidimu wa manyoya yaliyopinda, wote hawa tuliwakuta kwa bibi zetu. Hawakuletwa na duka. Waliletwa na makoo yaliyoachwa yakae.

Dini yetu haikutuacha bila mwongozo kwa viumbe hawa. Imepokewa kwa Abdullah bin Masʼud, katika mkusanyiko wa Abu Dawud, kuwa masahaba walichukua makinda ya ndege mmoja, na mama yao akaja akitapatapa juu yao. Mtume (S.A.W.) aliuliza nani aliyemtia ndege huyo uchungu kwa wanawe, akaamrisha warudishwe. Sisi tukitaka kuku wetu asiatamie wakati fulani, tunaweza kumtoa kwenye kiota kwa upole na kuondoa mayai. Ndoo ya maji haina rehema ndani yake. Na tukumbuke: mzazi akiwa ndani ya arobaini, hakuna anayemwambia mvivu kwa kuwa hapiki. Tunamkanda, tunampikia uji. Kuku naye anastahili bakuli la maji karibu na kiota.

Basi, bi harusi, kama utaishi penye uwanja, omba koo mmoja. Omba kwa mama, kwa shangazi, kwa somo wako. Mali ya mwanamke ni yake katika sheria yetu, na kuku ni mali inayoanza kidogo. Pesa ya mayai na majogoo ni yako, hata kama mume, inshaAllah, anakupa kila kitu.

Ukifika naye, usimwachie siku ya kwanza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na tenga pia linatosha, mpaka azowee nyumba. Jogoo usimchukue ndugu yake. Badilishana na jirani, usije ukazaa dhaifu. Mayai ya kulalia yawe mapya, yasipite wiki moja au siku kumi, na yawekwe mahali pa baridi. Kumi au kumi na mawili yanamtosha. Yatie alama kwa kalamu ya risasi, maana kuku wengine watakuja kutagia humo humo, na yasiyo na alama unayatoa. Mweke usiku, penye giza na utulivu, ndani ya kapu kuukuu lenye mchanga na majani makavu. Siku ya saba yamulike kwa tochi: lenye mishipa lina uhai, lililo jeupe tupu litoe. Makoo wawili wakiangua pamoja, mpe mmoja vifaranga wote, mwenzake atarudi kutaga mapema.

Na usisahau chanjo ya kideri. Ugonjwa huu unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Kuna chanjo ya tone moja la jicho, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, kwa hivyo changianeni majirani na muulizeni mtaalamu wa mifugo wa eneo lenu.

Wanaokaa kwenye maghorofa, tunajua hamna pa kufugia. Nyinyi mna kazi nyengine: mkinunua kuku wa kienyeji sokoni, msichague koo. Chukueni jogoo. Nyama yake tamu zaidi kwa supu, na koo atabaki na kazi yake.

Yule ndugu yetu ameshahamia kwa mumewe. Juzi alitutumia picha: kuku mweusi amejifutua kwenye kona ya jiko la nje, anamtazama mpiga picha kwa ukali. Mama mkwe alitaka kumtia kwenye ndoo. Bi harusi akamwambia, "Mama, tafadhali, huyu nimepewa na bibi. Mwache akae."

Alhamdulillah, ameachwa. Ana mayai kumi na moja. Muombeeni.