MAZUNGUMZO YA MWEZI: Kodi, Mkate na Kilio cha Watu

Mwezi huu twapenda kunena juu ya kodi, kwa kuwa ni neno lizungumzwalo sana jikoni na barazani, wala halifahamiki vema. Tutatwaa mfano wa mambo yaliyotukia nchini Kenya mwaka 2024, maana yana mafundisho kwa kila nyumba.

Mwezi wa Mei mwaka huo Serikali ya Kenya ilitoa Mswada wa Fedha, yaani maneno ya sheria yapelekwayo Bungeni ili kodi za mwaka zipate kupangwa. Nia yake ilikuwa kukusanya shilingi zaidi ya bilioni 300 juu ya zile zilizokusanywa zamani. Ndani yake mlikuwa na maneno haya: mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani, 16 kwa mia; mafuta ya kupikia yatozwe ushuru wa 25 kwa mia; mwenye motokaa alipe kila mwaka 2.5 kwa mia ya thamani ya gari lake. Tena iwepo kodi mpya ya kutunza mazingira, ambayo watu waliona itagusa nepi za watoto na taulo za akina mama.

Na tuzifanye hesabu, kwa maana hasira isiyo na hesabu haidumu. Mkate ukiuzwa shilingi 60, kodi ya 16 kwa mia yaongeza shilingi 9 na senti 60. Tajiri alipa hizo, na kibarua alipa hizo hizo. Lakini kwa tajiri si kitu, na kwa kibarua ni sukari ya watoto. Ama kodi ya motokaa, iliwekwa isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Basi mwenye gari la shilingi milioni 4 angelipa 100,000, na mwenye gari la milioni 8 angelipa 100,000 vile vile. Tena mwenye gari dukuduku la shilingi 100,000, ambaye kwa hesabu ya kweli angelipa 2,500, angetozwa 5,000. Ndipo wahenga waliponena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aliyeipanga kodi hiyo hakuuona uzito wake begani mwa mnyonge.

Wako waliojibu kwamba maskini wa shamba hali mkate, bali hula ugali na viazi, kwa hiyo kodi ya mkate yawahusu watu wa mjini. Neno hilo lina ukweli kidogo, lakini halitoshi. Kibarua wa mjini hana shamba la viazi. Mkate na chai ndicho chakula chake cha asubuhi, na pengine cha mchana pia.

Walioinuka kwanza walikuwa vijana. Hawakuwa na mkubwa wala chama. Walisoma mswada, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakaelezana kwa simu zao maana ya kila kifungu. Tarehe 18 Juni walitoka katika barabara za Nairobi, na siku ile ile Serikali ikatangaza kuondoa kodi ya mkate, na ya motokaa, na ule ushuru wa mafuta ya kupikia. Lakini watu hawakutulia, kwa kuwa kodi nyingine zilibaki. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha mswada kwa kura 195, waliokataa wakiwa 106. Saa hizo hizo umati uliingia katika jengo la Bunge, na sehemu yake ikawaka moto. Askari wakapiga risasi, na watu wakafa. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi, akanena kwamba amewasikia wananchi. Tarehe 11 Julai aliwaachisha kazi karibu mawaziri wake wote. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitangaza mwanzoni mwa Julai kwamba waliokufa ni 39, na baadaye hesabu ikapanda hata kufikia 60. Hao walikuwa watoto wa watu. Hapana kodi iliyo na thamani ya damu hiyo.

Je, watu wale walikataa kutoa kodi? Sisi twaona sivyo. Walikataa kutoa bila kuonyeshwa. Rais mwenyewe alieleza mwisho wa mwezi wa Juni kwamba katika kila shilingi 100 za kodi, 61 zaenda kulipa madeni. Baba mwenye deni akiwaambia wanawe wapunguze chakula, watoto wema watakubali; lakini wakimwona siku hiyo hiyo anashona kanzu mpya na kualika wageni, watauliza swali, na swali hilo si utovu wa adabu. Vijana wa Kenya walinena sana juu ya safari za wakubwa na anasa zao, nao walitaka kupunguza kuanze huko juu.

Lakini na wale walioshangilia sharti wakumbuke kwamba karatasi ikitupwa, deni halitupwi pamoja nayo. Mwezi wa Desemba 2024 sheria nyingine ya kodi ilitoka. Ushuru wa reli juu ya bidhaa zitokazo ng'ambo ulipanda toka 1.5 hata 2 kwa mia. Hata hivyo sheria hiyo ilileta nafuu pia: makato ya nyumba na ya matibabu yakaanza kuondolewa kwanza, ndipo kodi ya mshahara ihesabiwe. Ni watu wangapi walioifahamu nafuu hiyo? Wachache, kwa maana macho ya wengi yalikuwa yamekwisha kugeukia mambo mengine.

Tutazame na hayo matibabu. Tangu Oktoba 2024 bima mpya ya afya hukata 2.75 kwa mia ya mshahara. Watu wengi walilia, lakini hawakulia wote kwa haki sawa. Mwenye mshahara wa 20,000, aliyekatwa 750 zamani, alianza kukatwa 550. Mwenye 100,000, aliyekatwa 1,700, alianza kukatwa 2,750. Hapo mwenye nguvu ameongezewa na mnyonge amepunguziwa, nasi hatuwezi kulaumu. Mwenye neno la haki ni mama auzaye mboga sokoni, asiye na mshahara: yeye alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Apataye kwa siku hutumia kwa siku. Atazitoa wapi zote pamoja? Na akiisha kuzitoa, ataka aonapo ugonjwa apate dawa, asipewe maneno.

Basi, wasomaji wetu, twawashauri hivi. Mswada wa kodi utokapo, usomwe nyumbani kabla ya kupitishwa, wala si baada yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka mambo ya fedha yawe wazi na wananchi washirikishwe. Lakini mlango ukifunguliwa na asiingie mtu, wa kulaumiwa ni nani? Nanyi walimu, mfundishapo hesabu za kwa mia, acheni mifano ya vitu visivyoonekana. Andikeni ubaoni bei ya mkate, na mshahara wa kibarua, na ushuru wa mafuta, watoto wakokotoe. Kisha waulizeni ni nani alipaye zaidi kwa kadiri ya alicho nacho. Mtoto aliyejibu swali hilo darasani atajua, akiisha kuwa mtu mzima, kuuliza kwa haki na kujibiwa kwa haki, pasipo jiwe wala risasi.